Kabla ya Kukesha Kwenye Nyumba Yenye Wenyewe

Kila mji wa pwani una nyumba ambayo wapangaji hawadumu. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwa sauti ya chini kwamba ile nyumba ina wenyewe. Zamani habari hiyo ilitosha kumfanya mtu apite upande wa pili wa barabara. Siku hizi wapo vijana wanaochaji simu, wakabeba tochi na kifaa chenye vitaa vitano kilichoagizwa mtandaoni, wakaenda kukesha humohumo ndani. Kama wewe ni mmoja wao, au rafiki zako wamekualika Ijumaa hii, soma kwanza.

Tuondoe ugomvi usiotuhusu. Hapa hatujadili kama majini wapo. Mwislamu ana lake kutoka kwenye Qur'ani, Mkristo ana lake, na bibi yako ana lake kuhusu mizimu ya ukoo. Swali la mwindaji wa mizimu ni dogo zaidi: kishindo hiki, kilichosikika kwenye chumba hiki, saa nane usiku wa jana, kilitokana na nini? Mtu anaweza kuamini majini kwa moyo wake wote na bado akakuta kwamba kishindo cha jana kilikuwa cha bati. Na mwenye shaka naye asijione amemaliza kazi. Anayesema "ni upepo tu" bila kwenda kulitazama dirisha, na anayesema "ni jini" bila kulitazama, wote wawili wamehukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Anza na watu, tena mchana

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika barazani, jua likiwa bado lipo. Mketishe kila shahidi peke yake, mbali na wenzake. Usimuulize kama naye alimwona yule mwanamke wa kanzu nyeupe, maana hapo umeshamtajia jinsia, vazi na rangi, na jibu atakalokupa litakuwa lako. Muulize "Ilikuwaje?" kisha unyamaze mpaka amalize. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Ndipo uingie kwenye madogomadogo: alikuwa amesimama, ameketi au amelala? Mwanga ulitoka wapi? Anatumia dawa gani? Alilala saa ngapi usiku uliotangulia? Na alisikia sifa ya nyumba kabla ya tukio au baada yake? Hilo la mwisho usilisahau hata kama ameanza kuchoka na wewe.

Tenganisha alichohisi na alichokiita. "Kivuli kilipita mlangoni" ni jambo lililotokea kwenye macho yake. "Jini lilipita mlangoni" ni tafsiri. Chora mstari katikati ya ukurasa, alichohisi kushoto, alichokiita kulia, na uchunguze upande wa kushoto tu.

Kisha fuatilia mnyororo. Hadithi ya mwanamke mzuri wa buibui, anayeomba lifti usiku na akishuka anaonekana ana kwato, nimeisikia ikisimuliwa kuwa ya Mombasa, ya Tanga na ya Dar es Salaam, na kila mara aliyemwona ni rafiki wa binamu wa msimuliaji. Omba upelekwe kwa aliyeona kwa macho yake. Ukipita watu watatu hujamfikia, una hadithi mkononi, na hadithi ina utamu wake, lakini usiiandike kwenye daftari la ushahidi.

Wengi watakuambia walikabwa. Hawasemi uongo. Tunapoota, ubongo huzuia misuli ili mwili usifuate ndoto, na mara nyingine akili huamka kabla kizuizi hicho hakijaondoka. Mtu anaona chumba chake, anashindwa kuinua kidole au kupiga kelele, anahisi uzito kifuani na mara nyingi anahisi kuna mtu chumbani. Hali hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika, na huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Sisi tunaiita jinamizi tangu kale. Kwa hiyo shahidi akisema alikuwa kitandani, chali, na hakuweza kupaza sauti, umeshapata maelezo ya kuanzia. Ni ya kuanzia tu. Muulize kama imewahi kumpata akiwa nyumba nyingine. Akisema ndiyo, nyumba hii imepunguziwa shitaka.

Jambo hili lina uzito kwa sababu hofu inaua. Mwaka 1995 habari za zimwi liitwalo Popobawa zilianzia Pemba zikavuka hadi Unguja, na watu walilala nje makundi kwa makundi, wamewasha moto, wakiogopa kuvamiwa vitandani. Mmarekani Joe Nickell, mchunguzi wa madai ya aina hii, aliona dalili za kukabwa usingizini katika ushuhuda uliotolewa. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeishi huku na kuandika juu ya tukio lile, alitazama zaidi namna hofu ilivyosambaa mtaa kwa mtaa katika mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Naona wote wawili wanahitajika: kukabwa kunaeleza usiku wa mtu mmoja, hakuelezi kwa nini kisiwa kizima kikeshe. Katika msukosuko huo, mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa ndiye Popobawa akauawa na umati.

Ichunguze nyumba kabla hujaichunguza roho

Panda juu, au mtume fundi apande. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30, kutoka jua la alasiri hadi baridi ya alfajiri, hupungua urefu kwa takriban milimita 1. Msumari unalishika, bati linajivuta, linajivuta, kisha linaachia ghafla. Hicho ndicho kishindo. Kitatokea usiku ule ule wa joto kali lililofuatwa na anga tupu, na hakitatokea usiku wa mawingu. Hili unaweza kulipima bila kifaa chochote: andika saa za vishindo kwa wiki mbili, na pembeni uandike hali ya hewa. Kama vishindo vinakuja pia usiku wa mvua, bati halina hatia, tafuta kingine.

Kingine ni nini? Popo darini, ambao kinyesi chao utakinusa kabla hujawaona. Panya. Komba, ambaye kilio chake kimewatoa watu wengi kitandani wakitafuta mtoto aliyetupwa. Pembere wa mitini, mnyama mdogo kuliko paka mnene, mwenye ukelele usiolingana kabisa na umbo lake. Bundi mweupe wa magofuni, anayeruka bila sauti ya bawa, na ukimmulika kwa tochi utaapa umeona uso wa mtu. Na kama maji ni ya mgao na yanafunguliwa usiku, hewa iliyonasa mabombani itaguna na kugonga kuta. Waulize majirani maji hutoka saa ngapi.

Sasa tuje kwenye moshi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha katika jarida la kitabibu kisa cha familia iliyohamia nyumba kuukuu. Walisikia hatua za miguu, waliona watu wasiokuwepo, kichwa kiliwauma, watoto walipauka, hata mimea ya ndani ilikufa. Kosa lilikuwa la tanuri la kupashia nyumba joto: moshi wake haukutoka wote kwenye dohani, ulirudi vyumbani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tanuri lilipotengenezwa, mizimu iliondoka.

Huku kwetu tanuri hilo halipo, lakini jiko la mkaa lipo. Linawashwa sebuleni wakati wa masika, linaachwa chumbani usiku wa baridi kule Njombe au Limuru, na jenereta linawekwa ukumbini lisiibwe. Ukisikia kwamba kichwa kinawauma watu wote wa nyumba kwa pamoja, wana kichefuchefu, wanachanganyikiwa, na wakitoka nje wanapata nafuu, acha uwindaji hapohapo. Fungua milango, toeni jiko nje, tokeni wote, wapelekwe hospitali. Ukiniuliza kifaa kimoja cha kununua, nitakutajia king'ora cha kaboni monoksidi. Hiki kinaweza kuokoa mtu, na sijui kingine kwenye mkoba wa mwindaji wa mizimu kinachoweza kusema hivyo.

Maelezo matamu nayo yapimwe

Kuna kisa kinachopendwa sana na wenye shaka. Mhandisi Vic Tandy alikuwa akifanya kazi usiku katika maabara moja Uingereza, ambayo wafanyakazi walisema ina kitu. Alitokwa na jasho la baridi, nywele zikamsimama, na pembeni mwa jicho lake la kushoto akaona umbo la kijivu. Alipogeuka likatoweka. Kesho yake alileta upanga mwembamba wa mchezo ili auchonge, akaubana kwenye jiliwa, na ule upanga ukaanza kutetemeka wenyewe. Mtu mwingine angekimbia. Tandy aliusogeza ule upanga kwenye sakafu, akaona mtetemo unazidi katikati ya chumba na kufifia pembeni, akajua amekumbana na wimbi la sauti. Lilikuwa na mitetemo karibu 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia, na lilitoka kwenye feni mpya ya kutolea hewa. Feni ilipobadilishwa namna ilivyofungwa, mtetemo ukaisha. Alichapisha kisa hicho mwaka 1998, na tangu hapo kila mwenye shaka duniani anajibu "ni sauti nzito zisizosikika".

Jibu hilo nalo lilipimwa. Mwanasaikolojia Christopher French na wenzake walitengeneza chumba kitupu London, wakaficha mitambo ya sauti za aina hiyo na ya uga wa sumaku, wakaingiza watu 79, mmoja mmoja. Wengine walipata sauti, wengine sumaku, wengine vyote, wengine hawakuwashiwa kitu. Wengi walitoka na habari: kizunguzungu, kuhisi wapo na mtu, hata woga mkubwa. Lakini walioingia mitambo ikiwa imezimwa walihisi mambo kama wenzao. Kilichoonekana kuwa na nguvu, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2009, ni kule kuambiwa mapema kwamba huenda watahisi kitu.

Kwa hiyo ukikuta feni, usitangaze ushindi. Izime usiku huu, iwashe kesho, na wanaoketi chumbani wasijue ni usiku upi imewashwa.

Kosa la kuwaambia watu mapema lina historia ndefu. Harry Price, mwindaji mashuhuri wa Uingereza, alikodi nyumba ya kasisi ya Borley, Essex, mwaka 1937 kwa mwaka mzima, akatangaza gazetini kutafuta watazamaji, na zaidi ya 40 wakajitokeza. Kila mmoja alipewa kijitabu cha maelekezo. Ndani yake mliandikwa vituko vilivyowahi kuripotiwa na vinavyoweza kutarajiwa. Huenda ndio mwongozo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, na ndio uliowaharibu mashahidi wake. Baadaye, mwaka 1944, gofu la nyumba hiyo likibomolewa, ilipigwa picha ya tofali likielea hewani. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kibarua akirusha matofali.

Vifaa

Nitakwenda haraka, kwa sababu vingi havistahili muda wako. Kile cha vitaa vitano hupima uga wa sumakuumeme, na kitawaka kikikaribia simu inayotafuta mtandao, waya mbovu ukutani au friji ya jirani. Kama huna budi kukitumia, pita nacho mchana, weka alama kila kinapowaka, na simu zote ziwe zimezimwa, si kwenye kimya. Bunduki ya kupimia joto inasoma uso wa ukuta, haisomi hewa, kwa hiyo "ubaridi uliopita" haiwezi kukuonyesha. Kisanduku kinachorukaruka stesheni za redio kitakutolea vipande vya maneno kwa sababu redio zinatangaza maneno. Viduara vyeupe pichani ni vumbi au unyevu uliomulikwa na flashi karibu na lenzi. Kung'uta mkeka, piga picha, utavipata kwa wingi.

Simu za sasa zina ujanja wao. Hali ya usiku huchukua picha kadhaa na kuziunganisha, na aliyepita katikati ya zoezi hilo hubaki pichani akiwa nusu, unaona ukuta kupitia kifua chake. Picha yoyote unayoletewa, omba faili la asili kutoka kwenye simu iliyopiga. Iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imebanwa na kupoteza taarifa zake za saa na mipangilio. Mwombe mpigaji aitume kama faili.

Kinasa sauti kinafaa, kikitumiwa kwa nidhamu. Kiweke mezani, usikishike. Kila mnapokohoa, kupiga miayo au tumbo kunguruma, tamka: "Huyo ni mimi." Ukirudi na mnong'ono usioeleweka, usiwaambie wenzako umesikia "tokeni". Wape watu watano wasiokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake, aandike alichosikia. Konstantin Raudive wa Latvia alikusanya maelfu ya sauti alizoamini ni za wafu, na alizisikia zikichanganya lugha kadhaa ndani ya sentensi moja. Fikiria basi mtu wa Mombasa, mwenye Kiswahili, Kidigo, Kiarabu cha madrasa na Kiingereza cha shule: ni mkwaruzo gani utakaomshinda kupata neno?

Usiku wenyewe

Jaribio bora kuliko yote ni rahisi, na sijui kwa nini halifanywi. Chora ramani ya nyumba. Tafuta watu wanne wasiowahi kusikia habari zake, waingize mmoja mmoja, na kila mmoja aweke alama kwenye chumba kinachomsumbua. Atakayewapokea mlangoni naye asijue chumba kinachosemwa, maana uso huzungumza. Nyumba ikiwa na vyumba vitano, anayebahatisha atapatia mara 1 kati ya 5. Wote wanne kupatia kwa bahati ni 1 kati ya 625. Wakipatia, una jambo la kufuatilia.

Lakini usiruke bado. Mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walifanya uchunguzi wa namna hii kwenye kasri la Hampton Court na kwenye vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, Edinburgh. Katika ripoti yao ya 2003, sehemu zenye sifa mbaya kweli zilileta habari nyingi zaidi, na tofauti hiyo iliendana na mambo kama mwanga na ukubwa wa chumba. Yaani mahali penyewe panachangia. Kwa hiyo weka taa zilingane, funga madirisha yote au yafungue yote, kisha rudia.

Mkikesha, ketini mbalimbali. Kila mtu na daftari na saa yake, na mtu asitamke alichohisi mpaka asubuhi. Hisia huambukiza: katika shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka 1962, kicheko cha wasichana watatu kilienea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159 na shule ikafungwa. Mmoja akishtuka kwa sauti, usiku wenu umeharibika.

Chagueni pia nyumba ya kawaida, isiyo na sifa yoyote, mkeshe usiku mmoja kwa utaratibu uleule. Mtashangaa ilivyo na kelele.

Na ruhusa ipatikane kwa maandishi. Magofu ya kale kama Gedi, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hayaingiwi kwa kuruka ukuta, na ukikuta ubani, kitambaa au chupa ya marashi kwenye kaburi la zamani, usiguse wala usipige picha ya kuchekesha. Ni ibada ya mtu. Nyumba kuukuu pia huanguka. Sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka Desemba 2020 ikaua mafundi, tena mchana. Asiingie mtu peke yake, na aliye nje ajue mtatoka saa ngapi.

Ripoti

Andika kilichoonekana, kilichopimwa, na kilichojaribiwa kikashindikana. Ukiwa umeurudisha mlio kwa kulisukuma lile dirisha, sema. Ukiwa hujui, andika "hatukujua" na uishie hapo, usiongeze "kwa hiyo". Jina la jirani, mpangaji wa zamani au bibi wa nyumba ya pili lisitokee popote kama chanzo cha balaa. Sheria za uchawi za Tanzania na Kenya zinamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake kiholela, na wazee wameuawa Shinyanga na Kilifi kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Kabla ya kurusha video yoyote mtandaoni, mpelekee ripoti mwenye nyumba na umsomee ana kwa ana. Yeye na wanawe ndio wanaolala mle, na huenda wanachohitaji ni fundi wa bati.